Neno "wrath" kwenye Kiingereza cha zamani lina tofauti gani na "anger"? Naomba kueleweshwa

NuruYaUsiku

Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie kitu kinanisumbua. Nasoma Biblia ya Kiingereza ile ya King James ya mwaka 1611 sambamba na ya Kiswahili, lengo langu ni kukizoea Kiingereza cha zamani kidogo kidogo, sasa haya maneno mawili "wrath" na "wroth" nakutana nayo kila mahali. Mwanzo 4 pale sadaka ya Kaini ilipokataliwa wameandika "Cain was very wroth", Kiswahili kinasema akaghadhibika sana. Ukienda mbele unakuta "wrath", mbele tena "anger", alafu "fury", na ukifungua kamusi yote yanaishia kwenye neno moja tu, hasira. Sasa mimi siamini kwamba lugha inaweza kubeba maneno manne kwa kazi moja bila sababu.

Ninachotaka kujua kwanza ni hili neno limetoka wapi, maana halifanani na Kilatini wala Kifaransa. Pili "wrath" na "wroth" ni neno moja limeandikwa kwa herufi tofauti au ni maneno mawili? Na matamshi pia, nimesikia mtu anasema "roth" na mwingine anasema "rath" na wote walikua wanasoma hilo hilo neno. Mwisho kabisa, leo hii mtu akiliandika kwenye barua au insha ataonekana wa ajabu au bado linatumika? Natanguliza shukrani.

Fundi_wa_Lugha

Karibu ndugu, umeuliza swali zuri na nitajibu kwa kirefu kidogo kwa sababu hili neno nalipenda.

Nianze na jepesi. "Wrath" ni nomino, ghadhabu yenyewe. "Wroth" ni kivumishi, hali ya mtu aliyeghadhibika. Kwaiyo Kaini alikua "wroth", na kile alichokua nacho moyoni kinaitwa "wrath". Zamani mpaka huo haukua mkali sana, hata Shakespeare kwenye A Midsummer Night's Dream anasema Oberon ni "passing fell and wrath", hapo "wrath" imekaa kama kivumishi kabisa. Lakini kwa mtu anayejifunza leo we shika tu kwamba moja ni nomino na lingine ni kivumishi, utaelewa karibu kila mstari utakaokutana nao.

Matamshi: Waingereza wengi husema "roth", o fupi, na th ile ya thelathini. Wamarekani husema "rath". Wote wako sahihi. Sasa "wroth" nayo Uingereza inaweza kutamkwa "roth" vile vile au "routh", ndo maana ukisikiliza msomaji wa Kiingereza cha Uingereza unaweza usijue amesoma lipi kati ya hayo mawili, itabidi uangalie sentensi. W haisikiki kabisa siku hizi ila zamani ilikua inatamkwa, mtu alikua anakunja midomo kwanza ndo anaingia kwenye r, kufikia karne ya 17 wengi walishaiacha lakini tahajia ikabaki nayo. Ndo hiyo hiyo w unayoiona kwenye "write" na "wrong".

Asili yake sasa, na hapa ndo patamu. Umesema halifanani na Kilatini wala Kifaransa, na uko sahihi, kwa sababu ni Kiingereza halisi, neno la wenyeji kabla Wanormani, wale watawala waliotoka Ufaransa, hawajaingia mwaka 1066. Kwenye Kiingereza cha kale kivumishi kilikua "wrāþ" na nomino "wrǣþþu". Hiyo herufi þ inaitwa thorn, sauti yake ndo th. Shina lake la kale, kwenye lugha mama iliyozaa Kiingereza na Kijerumani, linahusiana na kupinda, kusokota, kujinyonga. Kwaiyo mtu "wroth" tangu asili ni mtu aliyepindika ndani, amejisokota.

Angalia ndugu zake utaona. "Writhe" ni kujinyonganyonga kwa maumivu. "Wreath" ni shada, yani maua au majani yaliyosokotwa yakawa duara. "Wrist" ni kifundo cha mkono, pale kiganja kinapogeukia. Alafu kuna "wring" kukamua kwa kusokota, "wrench", "wry", "wrinkle", na hata "wrong" yenyewe ambayo mwanzo ilimaanisha kitu kilichopinda. Wataalam wa historia ya lugha huzirudisha nyingi ya hizo kwenye shina moja la zamani sana lenye maana ya kugeuka au kupinda. Na ukivuka bahari ukaenda kwa Wadenmaki, "vred" ni mwenye hasira na "vride" ni kusokota, maneno mawili yamekaa pamoja mpaka leo. Kwa Waholanzi "wreed" ni katili.

Mimi nikiwa naliona hilo neno kwenye maandishi siwezi tena kuliona kama hasira ya kawaida. Unaona mtu uso umekunjamana. Na Kaini ndo ameelezwa hivo hivo kwenye aya hiyo uliyoitaja, akaghadhibika sana, uso wake ukakunjamana.

Kisima_cha_Maneno

Fundi umeeleza vizuri sana, naomba niongezee upande wa "anger" kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa "wrath" ilikwenda wapi.

Watu wengi wanadhani "anger" ndo neno la asili na "wrath" ni la kuazima la vitabuni. Ni kinyume chake. "Anger" ni mgeni. Limeletwa na Waskandinavia waliokuja Uingereza kwa mashua wakapigana, alafu wakalowea kaskazini na mashariki mwa nchi kuanzia karne ya 9. Kwao "angr" ilikua ni huzuni, dhiki, majonzi. Hao hao ndo wameacha kwenye Kiingereza maneno ya kawaida kabisa kama "sky", "egg", "knife", "window", mpaka "they". Kwenye maandishi ya Kiingereza "anger" linaanza kuonekana miaka ya 1200 hivi na mwanzoni lilibeba hiyo hiyo maana ya taabu na mateso, baadae ndo likahamia kwenye hasira.

Na shina la "anger" ni wembamba, kubanwa. Ndugu zake ni "anguish", "anxiety", "angst", na "angina" yale maumivu ya kifua kubana. Kwaiyo ukiyaweka pamoja, mmoja amepindika na mwingine amebanwa, na mimi naona ni vitu viwili tofauti kabisa mwilini.

Kitu kingine kwa faida ya wasomaji wa Kiswahili. Neno letu hasira wanakamusi wanalitoa kwenye Kiarabu "hasra" ambalo maana yake ni majonzi, majuto, kusikitika kwa kitu kilichopotea. Yani hasira imetembea njia ile ile ya "anger", kutoka huzuni mpaka kukasirika, bila lugha hizi mbili kujuana. Hilo jambo linanigusa kila nikilifikiria, maana watu wa mbali kabisa wameona kwamba aliyekasirika mara nyingi ni mtu aliyeumizwa. Ghadhabu nayo ni Kiarabu, "ghadhab", na hiyo tangu huko ilikotoka ni kukasirika moja kwa moja.

Kabla ya "anger" kuingia Waingereza wa kale walikua na neno lingine pia kando ya "wrath", nalo ni "yrre" au "irre". Kwenye Beowulf, lile shairi refu la kale ambalo nakala yake pekee ni ya miaka ya 1000 hivi, zimwi Grendel anapotoka kwenye vinamasi usiku linaimbwa "Godes yrre bær", alibeba hasira ya Mungu juu yake. Hilo neno limekufa kabisa. Na asili yake ni kupotea njia, Wajerumani bado wana "irre" kwa mtu aliyechanganyikiwa, na Kilatini "errare" kutangatanga, huko ndiko ilikotoka "error". Msilichanganye na "ire" ya leo, hiyo ni Kifaransa kutoka Kilatini "ira", kufanana kwao ni bahati tu.

mdadisi77

Samahani kuingilia, kule kaskazini magharibi kabisa mwa Scotland kuna rasi inaitwa Cape Wrath na bahari ya pale ni mbaya, mawimbi makubwa. Hiyo imeitwa hivo kwa sababu ya hasira ya bahari?

Fundi_wa_Lugha

Hapana mkuu, ingawa karibu kila anayeisikia anafikiri hivo. Jina limetoka kwenye "hvarf" ya Kiskandinavia cha kale, maana yake mahali pa kugeukia. Mabaharia wao wakifika kwenye ile rasi ndo waligeuza mashua kufuata pwani. Wazungumzaji wa Kiingereza wakalisikia hilo jina, wakaliandika kwa neno wanalolijua wao, na kwa kuwa bahari ni kali basi likakaa. Sauti zimefanana tu, halihusiani na ghadhabu.

Binti_Tafsiri

Habari za humu. Nimefuatilia uzi huu kwa furaha, mimi kazi yangu ni kutafsiri kwaiyo nitajibu lile swali la tofauti, maana asili ya neno ni tamu lakini haikuambii ulitumieje.

NuruYaUsiku, kwa Kiingereza cha leo tofauti ni hii. "Anger" ni hisia, mtu yeyote anayo, mtoto anayo, na unaweza kukaa nayo kimya moyoni asijue mtu. "Wrath" ni hasira iliyonyosha mkono. Ina adhabu ndani yake, na kwa kawaida mwenye nayo ana uwezo wa kuitoa hiyo adhabu, yani ni Mungu, mfalme, baba mwenye nyumba, umati, au nguvu kama dhoruba. Ndo maana Waingereza husema "incur the wrath of" fulani, kujiletea ghadhabu ya fulani, au "face the wrath", kukabiliana nayo. Hakuna anayesema hivo kuhusu mtu ambaye hasira yake haiwezi kukufanya chochote.

Kwenye King Lear ya Shakespeare kuna mstari unaoonyesha hili vizuri kuliko maelezo yangu. Mfalme mzee amemkataa binti yake Cordelia, mtumishi wake mwaminifu Kent anajaribu kumtetea, na Lear anamwambia "Come not between the dragon and his wrath". Usiingie kati ya joka na ghadhabu yake. Na kweli Kent anafukuzwa nchini muda huo huo. Weka "anger" hapo mstari unalegea.

Angalia na hiyo hiyo King James unayoisoma. Mathayo 2:16 Herode alipoona amedanganywa na mamajusi alikua "exceeding wroth", na sentensi haijaisha ameshatuma watu kuua watoto. Mathayo 18:34 yule bwana alikua "wroth" akamtoa mtumwa kwa watesaji. Mathayo 22:7 mfalme wa ile karamu alikua "wroth" akatuma majeshi yake. Kila mara neno linatangulia na tendo linafuata nyuma yake. Alafu nenda Yona 4:1, Yona amekasirika kwa sababu Ninawi haikuangamizwa, wamemwandikia "very angry", na yeye hana la kufanya zaidi ya kwenda kukaa nje ya mji chini ya kibanda. Hasira isiyo na mkono.

Mzee_wa_Hoja

Binti, mifano mizuri lakini mimi hapo nakataa. Umechagua aya zinazokufaa. 2 Wafalme 5:11 Naamani "was wroth, and went away", alikasirika akaondoka zake basi, hakuadhibu mtu na baadae watumishi wakambembeleza akarudi kuoga Yordani. Na Kutoka 32:19 Musa alipoiona ndama, kilichowaka ni "anger" yake, "Moses' anger waxed hot", na akazitupa mbao za mawe akazivunja. Hapo "anger" ina mkono mrefu sana.

Alafu kuna Yakobo 1 inayosema tuwe wepesi wa kusikia, si wepesi wa kusema wala kukasirika, King James inasema "slow to wrath", na inaendelea "the wrath of man". Hapo ni binadamu wa kawaida, hakuna mfalme wala joka.

Tusisahau wale wafasiri wa 1611 wenyewe kwenye utangulizi wao walisema wazi kwamba hawakujifunga kutafsiri neno moja la asili kwa neno lile lile kila mara. Walibadilisha kwa ajili ya sikio. Kwaiyo huwezi kujenga kanuni ya maana juu ya uchaguzi wao.

Binti_Tafsiri

Mzee wangu nakushukuru kwa Naamani, ni mfano mzito na Yakobo pia. Nakubaliana na wewe kwamba kwa mwaka 1611 mipaka ilikua inavuka vuka, ndo maana nilianza kwa kusema Kiingereza cha leo. Lakini swali la kujiuliza ni hili, kwa nini wakati huo maneno yalikua yanabadilishana nafasi na leo hayabadilishani? Jibu langu ni kwamba "anger" lilichukua kazi zote za kila siku, "wrath" likabaki pale ambapo watu walikua wamezoea kulisikia, na mahali penyewe ni kanisani likisomwa kwa sauti, kwenye tamthilia za wafalme, na kwenye orodha ya dhambi saba za mauti. Neno lililoishi karne nyingi kwenye nyumba hizo lazima litoke na harufu yake.

Na kuna kitu hapa kinachonishangaza kwenye historia ya Kiingereza. Kwa kawaida la mwenyeji huwa la chini na la mgeni la Kifaransa huwa la juu, "ask" ni la kila mtu ila "demand" na "inquire" ni za ofisini, "kingly" ni la kawaida ila "royal" ndo la heshima. Kwenye hasira limetokea jambo la tofauti, neno la wenyeji ndo limepanda kiti cha juu likakaa na Mungu, na neno la mabaharia wa kaskazini ndo linatumwa sokoni na jikoni. Mimi ningetegemea "ire" ndo ichukue kile kiti, maana ndo ya Kifaransa, ndo ya Kilatini, na Chaucer, yule mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, alipoandika juu ya ile dhambi kwenye hadithi ya Paroko alitumia "Ire". Lakini ukiuliza Mwingereza leo akutajie dhambi saba atasema "wrath".

NuruYaUsiku

Aisee sikutegemea majibu mazito hivi, nawashukuru wote. Sasa Binti au Mzee, kwenye tafsiri kwenda Kiswahili ndo tuseme "wrath" ni ghadhabu na "anger" ni hasira? Maana ningependa niwe na kanuni moja ya kushika.

Binti_Tafsiri

Ningekua nakutakia mema tu ningesema ndio, ila kanuni hiyo itakuangusha ukiwa unalinganisha Biblia na Biblia. Chukua Mithali 15:1. King James: "A soft answer turneth away wrath: but grievous words stir up anger". Kiswahili cha Union: "Jawabu la upole hugeuza hasira, bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." Umeona? Ni kinyume. "Wrath" imekaa hasira, "anger" imekaa ghadhabu. Alafu nenda Waefeso 4:31, Kiingereza "bitterness, and wrath, and anger", Kiswahili "uchungu wote na ghadhabu na hasira". Hapa imerudi ile uliyoitegemea. Na juu yake kidogo, Waefeso 4:26, "let not the sun go down upon your wrath", Kiswahili kinasema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Uchungu! Mistari mitatu, maneno matatu.

Sababu ni kwamba Kiingereza na Kiswahili hapo ni mashahidi wawili wa kitu cha tatu. Kwenye Mithali, Kiebrania kina "hemah" ambayo ni joto, hasira inayochemka, na "af" ambayo maana yake ya kwanza kabisa ni pua, yani mtu anayetweta kwa hasira pua zimetanuka. Kwenye Waefeso 4:31 Kigiriki kina "thumos" na "orge". Hakuna hata lugha moja kati ya hizi inayogawanya hasira kwa mipaka ile ile ya mwenzake, kila mfasiri anapima kwa sikio lake. Na mimi nikisoma ile uchungu ya Waefeso naona aliyetafsiri alifanya kazi nzuri sana, maana hasira inayolala na mtu mpaka asubuhi kwa Kiswahili chetu kweli ni uchungu.

Nje ya Biblia, ukiwa unatafsiri habari au hadithi, ndio, ghadhabu kwa "wrath" itakufaa mara nyingi kwa sababu nayo ina uzito na ina heshima fulani, hatusemi mtoto ana ghadhabu kwa sababu amenyimwa kitu. Na kitenzi kinachokwenda nayo ni kuwaka au kushuka, ghadhabu iliwaka, ghadhabu ikawashukia.

mdadisi77

Kwenye Kutoka hapo juu Mzee kaandika "waxed hot", hiyo "wax" ni nta?

Fundi_wa_Lugha

Si nta hiyo mkuu. "Wax" ya hapo ni kitenzi cha kale, kukua, kuongezeka, ndugu wa "wachsen" ya Kijerumani. Leo kimebaki zaidi kwenye mwezi, mwezi ukiwa unakua kuelekea mpevu wanasema "waxing". Kwaiyo "my wrath shall wax hot" ni ghadhabu yangu itazidi kuwaka, na "wax wroth" ni kuzidi kughadhibika.

Kalamu_Huru

Nimechelewa ila nijibu lile swali la mwisho la mleta uzi ambalo naona limepitwa, kwamba leo unaweza kuliandika au la.

"Wroth" usiliandike kabisa kwenye barua ya kawaida au ya kazi. Limekufa kwenye matumizi ya kila siku, lipo kwenye maandiko ya zamani na kwenye hadithi zinazoiga zamani. Ukiandika kwamba mkuu wako wa kazi alikua "wroth" msomaji atasimama kwenye hilo neno na atasahau ulichokua unaeleza. Andika "angry", au kama ni kali zaidi "furious".

"Wrath" iko hai. Magazeti hulitumia, waandishi wa hadithi hulitumia, na liko kwenye taito za vitabu vikubwa. The Grapes of Wrath ya John Steinbeck ilitoka 1939, inahusu familia ya wakulima wanaotoka Oklahoma kwenda California baada ya kupoteza ardhi, na jina hilo limetoka kwenye wimbo wa Julia Ward Howe aliouandika 1861 wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, nao ulichukua picha ya zabibu na shinikizo la ghadhabu ya Mungu kutoka Ufunuo 14. Yani kitabu cha karne ya 20 kuhusu njaa na dhuluma kimebeba neno la Kiingereza cha kale kupitia wimbo na Biblia, na lilifaa kwa sababu linaongelea hasira ya watu wengi inayoiva polepole mpaka ikipasuka kuna hukumu. Ungeweka "anger" kwenye ile taito ingebaki habari ya watu waliokasirika tu.

Mambo ya sarufi ya kuzingatia: halina wingi, huandiki "wraths". Si kitenzi, huwezi "kuwrath" mtu. Mwenye hasira anafuata baada ya "of", "the wrath of the crowd", au anatangulia kwa kumilikisha, "her wrath". Vitenzi vinavyokaa nalo vizuri ni "incur", "face", "provoke", "escape". Kivumishi cha leo ni "wrathful" ila nacho si cha kila siku. Usijisifie nalo mwenyewe, "my wrath" inasikika kama mtu anatangaza kwamba yeye ni mfalme.

Na kwa vichwa vya habari utaona "ire" zaidi, "draws ire", kwa sababu ni herufi tatu na nafasi ni ndogo. Hiyo ni nyepesi kuliko "wrath", ni watu wamechukizwa na kulalamika, hakuna anayetegemea moto kushuka.

Mzee_wa_Hoja

Kalamu hapo kwenye "my wrath" nakuunga mkono moja kwa moja. Na nimwongezee mleta uzi ndugu wa mwisho wa ukoo huu kwa sababu atakutana naye akiingia kwa Shakespeare, "choler". Hilo ni la Kigiriki, "kholē", nyongo. Waganga wa zamani kuanzia kina Hippocrates na Galen waliamini mwili una majimaji manne, damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na mwenye nyongo ya njano nyingi ndo mwepesi wa hasira. Kwenye Julius Caesar Brutus anamwambia Cassius "Must I give way and room to your rash choler?" Nyongo nyeusi nayo ndo imezaa "melancholy". Sasa "choler" si "wrath", ni tabia ya mtu, ugonjwa wake karibu, mtu anazaliwa nayo. "Wrath" inakuja kwa sababu fulani na ina mtu inayemwendea. Ukiwa unasoma jiulize tu hii hasira inamwelekea nani, kama huoni mtu basi hapo pana nyongo.

Na usilichanganye na "wraith", hiyo ni mzuka, neno tofauti kabisa japo herufi zinakaribiana na nimeona watu wengi wakiandika moja badala ya lingine.

NuruYaUsiku

Nimeelewa sana wakuu. Nimerudi kwenye Mwanzo 41:10 pale yule mnyweshaji anasema "Pharaoh was wroth with his servants", na kweli mstari huo huo anaeleza wakatupwa gerezani, yeye na mkuu wa waokaji. Kwaiyo ya Binti imekaa hapo, na ya Mzee naiweka pembeni kwa ajili ya Naamani. Swali dogo la kumalizia, hiyo "with" baada ya "wroth" ni lazima?

Fundi_wa_Lugha

"Wroth with" mtu ndo utakayokutana nayo zaidi, kama tu leo wanavyosema "angry with". Utaona pia "wroth against" sehemu nyingine, zote zinakubalika kwenye Kiingereza cha wakati ule. Ila "wrath" nomino inapendelea "against" au "upon", ghadhabu juu ya fulani.

NuruYaUsiku

Sawa mwalimu, nashukuru sana.